Swali la Kumi na Saba

Septemba, Chatham, mji uliofungiwa kiwanda chake cha meli
kabla wengi wa mama hawa hawajaota meno.
Nagawa karatasi, naitazama saa ya ukutani.
Watoto wa miaka kumi, penseli mbili mbili,
na mwisho wa barabara shule mbili:
moja ina nyasi, nyingine ina uzio.
Leo ndiyo siku ya kuwachekecha.

Swali la kumi na saba:
Ngoma kwa kijiti, fidla kwa nini?
Upinde. Kamba. Mkono. Wimbo.
Zungushia jibu moja.

Imogen Farrant hakusita hata kwa pumzi moja.
Fidla ipo kwao, imeegemezwa kwenye ngazi
kama mwavuli, kama kitu cha kukwaa miguu.
Jumanne huja mwalimu wa hesabu, Jumamosi wa maneno,
tangu akiwa na meno ya utoto.
Simwonei kijicho. Asubuhi hii
nimemshikia nywele akitapika kwenye sinki,
na kucha zake amezitafuna hadi nyamani.

Corey Maddocks akasita.
Nilimwona akiutazama mkono wake wa kushoto,
akiugeuza, kama anayeuuliza.

Kwao napajua. Nilipanda siku moja kupeleka koti alilolisahau:
vyumba viwili juu ya duka la kamari,
mita ya umeme kando ya mlango, ya kulipia kwanza.
"Ingia polepole," aliniambia, kidole mdomoni,
"mama amelala."
Mama hufunga vifurushi usiku kucha ghalani Sittingbourne,
vitu vya watu, vya kufika kesho,
na mchana hulipa deni la usingizi.
Kwa hiyo nyumba nzima hunong'ona.
Pacha wadogo wamejua kucheka bila sauti.
Si kwamba maneno hayapendwi humo.
Yanatumiwa kama umeme,
kwa kipimo.

Na hesabu? Muulize Corey:
pauni mbili na peni arobaini zilizobaki kwenye kadi
zitachemsha birika mara ngapi, hita dakika ngapi,
pacha waoge kwanza au viazi viive kwanza,
ili taa isizimike kabla ya saa tatu
naye bado ana ukurasa wa kumalizia.
Atakujibu huku akifunga kiatu cha mtu mwingine.
Hilo halimo kwenye karatasi.
Nimepekua, mbele na nyuma.

Akazungushia Mkono.

Oktoba yakaja majibu. Imogen, nyasi.
Corey, uzio. Alipungukiwa na alama mbili.
Katika ukumbi tukasema yale ya kila mwaka:
kila mtoto na kipaji chake, subira yavuta heri,
mtihani ni mizani, haumjui mtu.
Tuliyasema kwa sauti kubwa,
sisi ambao nyumbani hatumwogopi kumwamsha mtu.
Baba yangu aliuza viazi kwenye soko la Jumamosi.
Mizani naijua,
na kidole kinachoibonyeza nakijua,
na bado nilipiga makofi.

Siku ile Corey alibaki nyuma kupanga viti.
"Mwalimu, lile la fidla. Lilikuwa nini?"
Upinde, nikamwambia.
Akafikiri, kiti kikiwa bado kifuani.
"Lakini huo upinde si unashikwa na mkono?"
Ndiyo, nikasema.
"Sasa inalia vipi?"

Nikafungua mdomo.
Jibu nilikuwa nalo tangu miaka yangu kumi,
nilikariri kutoka kitabu cha kuazima,
jikoni, juu ya magunia ya baba,
na lilinivusha.
Sauti yake
sikuwahi kuulizwa.